"Nipe Gari Uone" na Dhana Nyingine Zinazowaangusha Vijana kwenye Usaili wa Fundi Redio za Magari

Juma lililopita nilimsaili kijana wa nne kwa nafasi ile ile ya fundi msaidizi katika duka letu la redio za magari hapa Dodoma, na kwa mara ya nne nikajibiwa maneno yale yale: "Fundi, mimi si mtu wa maneno. Nipe gari uone." Alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, mikono juu ya magoti, kichwa kimeinama kidogo kwa adabu, na sina shaka kwamba aliamini amejibu vizuri. Sikumpa gari, na kazi pia sikumpa. Kwa kuwa nimechoka kumweleza kila mmoja peke yake kwa nini, nayaandika yote hapa.

"Ufundi hauna maneno"

Gari lililoegeshwa mbele ya duka si langu. Mwenyewe ameacha ufunguo na kwenda kazini Mtumba au sokoni Majengo, akitarajia kurudi jioni alikute linawaka kama alivyoliacha, redio mpya ikiwa imeongezeka tu. Mtu anayeomba apewe gari hilo ili "nione" ananiomba nitumie mali ya mteja kama karatasi ya mtihani, na akifeli, atakayesimama mbele ya mwenye gari ni mimi. Kwa hiyo usaili wetu ni kumsikiliza mtu akifunga muziki kwa mdomo kabla hajashika bisibisi. Akikosea kwa mdomo hakuna kinachoungua.

Swali langu kubwa ni moja, na silifichi kwa mtu: "Mteja ameleta Toyota IST, anataka amplifaya na sabufa. Nieleze tangu anapofika mpaka unapomrudishia ufunguo." Wengi huanza na "natoa redio", na hapo tayari wameruka mambo matatu. Aliyejiandaa huanza na mteja mwenyewe. Anawasha gari mteja akiwa bado yupo, anatazama taa za dashibodi, anajaribu vioo, honi na kiyoyozi, kisha anaandika alichokikuta. Asipofanya hivyo, jioni ataambiwa "taa hii haikuwepo", naye hatakuwa na la kujibu.

Kisha atasema kwamba anafungua terminali hasi ya betri kabla ya kugusa waya wowote. Ni jibu sahihi, lakini hapo humzuia na kumuuliza: "Kabla ya kuifungua, utamuuliza nini mwenye gari?" Kijana anayeyajua magari tunayoletewa kutoka Japani atakumbuka kwamba redio nyingi za kiwandani zikikosa umeme hujifunga, na zikirudishiwa huomba kadi ya ramani au namba ya siri ambayo mteja hana na hajawahi kuwa nayo. Kama redio ile ile inabaki garini na tunaongeza amplifaya tu, ukifungua betri bila kuuliza umeigeuza kuwa kioo cheusi chenye maandishi ya Kijapani. Swali hili halimo kwenye madaftari ya chuo, ila mtu aliyewahi kukaa karibu na kazi hii atakuwa ameliona likimpata mwenzake.

Baada ya hapo tunafika kwenye waya mkubwa wa umeme unaotoka kwenye betri kwenda nyuma, na kusema kweli, hapa ndipo ninapoamua. Fyuzi inakaa wapi? Watatu kati ya wale wanne waliniambia inakaa karibu na amplifaya "ili iilinde". Fyuzi ya waya mkubwa haipo kwa ajili ya amplifaya, ambayo ina fyuzi zake ubavuni. Hii inaulinda waya wenyewe, pamoja na gari na watu waliomo. Waya huo unapita kwenye tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria, na kama hukuweka raba kwenye tundu, chuma kitaukata polepole kila gari linaporuka kwenye makorongo. Siku waya mtupu utakapougusa mwili wa gari, betri itamwaga mkondo wake wote mahali hapo, waya utakuwa mwekundu kama kaa, na zulia litaanza kutoa moshi. Fyuzi iliyokaa kwenye buti haitajua kwamba lolote limetokea, kwa sababu shoti iko mbele yake. Ndiyo maana inawekwa ndani ya sentimita 45 hivi kutoka kwenye betri. Mtu anayenipa namba hiyo bila kunipa sababu amekariri, na anayenipa sababu huku akiikosa namba kidogo, huyo naendelea naye.

Yaliyobaki huenda haraka. Ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari, inafungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae, kwa waya mfupi na mnene kama ule wa umeme. Nyaya za RCA, zile zinazobeba sauti kutoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya, zinapitishwa upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, ili mteja asirudi akilalamika kwamba spika zinalia mlio unaopanda kila anapokanyaga mafuta. Halafu huuliza kuhusu rangi ya njano, na hilo nakiri kwamba lina mtego kidogo. Kwenye redio za kununua dukani, waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni umeme wa swichi, mweusi ni ethi, na wa bluu wenye mstari mweupe ndio wa rimoti unaoiamsha amplifaya. Lakini ndani ya dashibodi kuna njano nyingine, ile ya viunganishi na makava ya nyaya za eabegi (mifuko ya hewa ya usalama), ambayo haiguswi kwa taa ya kupimia hata mara moja. Anayejibu "njano ni umeme wa kudumu" na kunyamaza amejibu nusu. Rangi za kiwandani nazo ni habari nyingine kabisa: katika Toyota nyingi ethi ya redio ni ya kahawia, hivyo anayetafuta nyeusi atatafuta sana. Jibu ninalolipenda ni fupi: "Sitaamini rangi, nitapima kwa mita ya umeme."

Utaona kwamba yote haya ni maneno, na maneno huandaliwa. Ushauri wangu, ambao wenzangu dukani wameshauchoka, ni huu: chukua daftari la kawaida, andika hatua zote za kufunga amplifaya kwa mpangilio, na mbele ya kila hatua andika "kwa sababu". Kisha msomee mtu asiyejua kitu kuhusu magari, mama au mdogo wako, na yeye akuulize "kwa nini?" kila anapopenda. Mahali utakapokwama ndipo nitakapokuuliza na mimi. Kuna faida ya pili: siku ukiajiriwa, mteja naye atakuuliza kwa nini waya wako ni wa bei kubwa kuliko ule alioonyeshwa kwingine, na fundi asiye na maneno atashindwa kumjibu.

Vitendo pia vipo. Baada ya mazungumzo, namweka mtu mbele ya meza yenye betri, redio, spika mbili na mita, namwambia aviunganishe nami nikitazama. Ila meza huja baadaye, na ni mali yangu.

"Wati zilizoandikwa kwenye boksi ndizo wati"

Kijana mwingine alinijia akiwa amekariri majina ya kampuni na wati zake, kama watu wanavyokariri vikosi vya mpira. Nilimwonyesha amplifaya ya rafuni yenye maandishi ya dhahabu yasemayo wati 3,000, nikamwomba aigeuze atazame fyuzi. Ilikuwa na mbili za ampea 30 kila moja, jumla 60. Gari likiwa linawaka, altaneta hutoa kama volti 13.8, na 60 mara 13.8 ni 828. Hizo ni wati zinazoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na zinazotoka ni pungufu, kwa sababu hata amplifaya ya daraja D yenye ufanisi wa asilimia 80 itatoa kama 660, na ile ya daraja AB itatoa chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Zile 3,000 zilibaki kwenye boksi.

Hesabu hii ni ya darasani, volti mara ampea, na bado ni wachache wanaokuja nayo. Jiandae nayo pamoja na ndugu yake: koili mbili za sabufa zenye ukinzani wa omu 4 kila moja zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2, zikiunganishwa kwa mfululizo zinakuwa omu 8, na amplifaya isiyostahimili omu 2 itachemka mpaka ijizime. Katika mji wenye joto na vumbi kama huu haihitaji kusukumwa sana ifike huko. Dereva wa bajaji anayetaka muziki mzito atakuuliza kwa nini unamkatalia, na hesabu hiyo ndiyo itakayokusaidia kumweleza kwamba chombo chake hakizalishi umeme wa kulisha anachokitaka.

"Bila cheti usijisumbue", na kinyume chake

Zote mbili si kweli. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kinaniambia kwamba umefundishwa umeme kwa mpangilio, nami nakiheshimu, lakini kilichoniajiria watu ni majibu. Kama umejifunzia chini ya mti kwa miaka mitano, VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mtu anaweza kupimwa na kupewa cheti. Ulizia, kisha njoo na ulichonacho, pamoja na kitambulisho cha Taifa na namba ya mtu uliyefanya naye kazi ambaye atapokea simu.

"Fundi anajulikana kwa mafuta nguoni"

Hapana. Utaketi kwenye viti vya kitambaa vya watu. Njoo msafi, kucha fupi, bila mkanda wenye bizimu kubwa la chuma, kwa kuwa bizimu hilo ndilo linalokwangua rangi ya mlango unapoinama. Suti nayo si lazima.

"Ukisema sijui umekwisha"

Jibu baya kuliko yote niliyowahi kupokea lilikuwa la uhakika. Nilimuuliza kijana kwa nini redio ya gari la mteja haizishiki stesheni nyingi za hapa, naye bila kusita akasema redio imekufa, iuzwe nyingine. Ilikuwa redio ya Japani, ambako bendi ya FM huanzia 76 na katika redio za zamani huishia 90, wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Kinachohitajika ni kile kifaa kidogo cha antena ambacho mafundi hukiita ekspanda, na kumweleza mteja kwamba namba atakayoiona kwenye kioo haitafanana na ile anayoisikia ikitangazwa. Kama angeniambia "sijui, ila nitapima antena kwanza, kisha nimuulize fundi mkubwa", ningemwajiri siku hiyo. Yeye alikuwa tayari kumuuzia mtu redio asiyoihitaji.

"Kuulizia malipo ni utovu wa adabu"

Uliza, ila mwishoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, kwa hiyo hukosei ukitaka kujua mshahara, saa za kazi, na nani analipa klipu ya dashibodi ikivunjika. Mimi mwenyewe hupata wasiwasi na mtu asiyeuliza lolote.

Limebaki la vifaa. Wengi huniuliza kwenye simu kama waje na vyao, nami hujibu kwamba mita inatosha. Kijana wa juma lililopita alikuja nayo, nzuri kabisa, kwenye mfuko wake wa zipu. Tulipofika mezani akaiwasha mara tatu, kioo kikabaki cheupe, na alipofungua kifuniko cha nyuma tukakuta betri imevuja na kuota ukungu wa kijani.