Kidole tumbo kwa mtoto: nini kilitangulia, na nini kikafuata

Mtoto akiletwa kwangu analia tumbo, simwulizi mzazi kwanza linauma wapi. Namwuliza lilianza lini, lilianzia wapi, na baada ya hapo kikafuata nini. Mimi ni daktari wa upasuaji wa watoto, na kidole tumbo ni miongoni mwa dharura ninazokutana nazo mara nyingi zaidi. Maabara na picha nazitumia na ninazithamini, lakini ugonjwa huu kwa mtoto hujitambulisha zaidi kwa mpangilio wa dalili, na kwa daktari kukubali kumrudia mtoto yuleyule baada ya saa chache.

Mpangilio huo una sababu zake mwilini. Kidole tumbo ni kimrija chembamba kilichoota mwanzoni mwa utumbo mpana, na kina mlango mmoja tu. Mlango ukizibwa na kinyesi kigumu, au na tezi za ukutani mwake zilizovimba, ute hujaa ndani, ukuta hutanuka na bakteria huzaliana. Neva zinazopeleka taarifa ya kutanuka huko huingia kwenye uti wa mgongo pamoja na zile za ngozi ya kitovu, ndiyo maana mwanzoni mtoto huonyesha kitovuni. Saa kadhaa baadaye uvimbe hufikia utando uliotanda ukuta wa tumbo kwa ndani. Hapo maumivu huhamia chini upande wa kulia, huwa makali, na mtoto mkubwa huweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole. Hamu ya kula hupotea mapema. Kutapika kwa kawaida huja baada ya maumivu, na homa, ambayo mara nyingi si kali, huja nyuma yake. Mtoto aliyetapika na kuharisha kwanza, kisha tumbo likaanza kunyonga, hunielekeza kwenye maambukizi ya kawaida ya utumbo, ingawa simfutii kidole tumbo kwa hilo peke yake.

Mahali penye maumivu palielezwa mwaka 1889 na Charles McBurney, daktari wa upasuaji wa New York: theluthi moja ya njia ukitoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia kuelekea kitovuni. Hadi leo tunapabonyeza. Shida ni kwamba kidole tumbo hakilali mahali pamoja kwa kila mtoto. Kikijificha nyuma ya utumbo, tumbo laweza kuwa laini kabisa huku mtoto akichechemea na kukataa kunyoosha mguu wa kulia. Kikining'inia chini kwenye nyonga, husumbua kibofu na utumbo wa mwisho: mtoto anakojoa kwa maumivu, anaenda chooni kila mara na kutoa kinyesi kidogo chenye ute, na mkojo ukipimwa hukutwa na chembe nyeupe za damu. Hapa ndipo watoto wengi hurudishwa nyumbani na dawa ya mkojo au maji ya chumvichumvi, kidole tumbo kikiendelea kuoza.

Walio chini ya miaka 5 ndio wanaonipa wasiwasi mkubwa. Huugua kwa nadra, lakini wakiugua, zaidi ya nusu yao hugunduliwa kimeshapasuka. Hawawezi kueleza maumivu yalihama vipi. Ukuta wa kidole tumbo chao ni mwembamba, na ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, ambao kwa mtu mzima huwahi kuzingira uchafu, kwao bado ni mfupi na mwepesi, kwa hiyo usaha husambaa tumboni kwa urahisi. Anachokiona mama ni homa, kutapika, kuharisha na tumbo lililojaa. Mimi huangalia zaidi utulivu wake. Mtoto mwenye tumbo la kunyonga hujinyonganyonga na kubadili mlalo, lakini mwenye usaha tumboni hulala kimya, magoti yamekunjwa, hataki kuguswa wala kubebwa.

Uchunguzi wangu huanza kabla sijamgusa. Namtazama akitembea kutoka mlangoni: hatua fupi, mwili umeinama mbele kidogo, mkono umekinga ubavu wa kulia. Namwuliza mzazi kama alilalamika gari lilipopita kwenye matuta. Kisha napasha viganja joto na kuanza upande wa kushoto, mbali na palipo na maumivu, macho yangu yakiwa usoni pake. Mwenye hofu namwambia aweke mkono wake mwenyewe tumboni, nami naweka wangu juu yake. Tukifika penye shida, uso unakunjamana kabla hajasema neno. Mwisho namwomba akohoe, au ashuke kitandani na kuruka juu mara moja. Mtoto anayeruka mara tatu huku akicheka hana utando wa tumbo uliowaka. Ile desturi ya kubonyeza kwa kina na kuachia ghafla nimeiacha kwa watoto. Kugongagonga polepole kwa kidole hunipa jibu lilelile, na mtoto ataniruhusu nimpime tena.

Na apewe dawa ya maumivu. Imani ya zamani kwamba inaficha ugonjwa imepimwa kwa tafiti, zikiwemo za watoto waliopewa mofini, na haikusimama. Mtoto aliyetulizwa hupimika vizuri zaidi.

Sipimi tumbo peke yake. Nimonia ya sehemu ya chini ya pafu la kulia huumiza tumbo. Kisukari kilichopanda ghafla hutapisha na kuumiza tumbo, selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, nayo huumiza. Binti anaweza kuwa na ovari iliyojisokota. Kwa mvulana mwenye maumivu chini ya kitovu, korodani lazima zikaguliwe, hata kama ataona haya, maana iliyojisokota ina takriban saa 6 tu za kuokolewa kwa uhakika.

Damu husaidia lakini haiamui. Chembe nyeupe zinaweza kuwa za kawaida saa za mwanzo, na zinaweza kupanda kwa sababu nyingine tele. Ndiyo maana tunazijumlisha na dalili katika alama, kama zile alizochapisha daktari wa upasuaji wa watoto Madan Samuel mwaka 2002 kwa ajili ya watoto, zenye jumla ya 10. Maumivu ya kubonyezwa chini kulia yana alama 2, na maumivu ya kukohoa, kuruka au kugongwa yana 2. Zilizobaki, kuanzia kuhama kwa maumivu hadi homa na damu, zina moja moja. Kwa matumizi ya sasa, alama 3 au pungufu hufanya kidole tumbo kiwe na uwezekano mdogo, na 7 au zaidi humleta daktari wa upasuaji kitandani. Wa katikati ndio wanaohitaji ultrasaundi.

Kwenye ultrasaundi tunatafuta kimrija chenye upana unaozidi milimita 6, kisichobonyea, kinachouma chini ya kifaa. Nawasihi wenzangu wasome ripoti hadi mwisho: "kidole tumbo hakikuonekana" si sawa na "kidole tumbo ni kizima". Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, huona vizuri, ila ina mionzi, kwa hiyo kwa mtoto naiweka akiba.

Nikibaki na shaka, namlaza, apate dripu na dawa ya maumivu, nami nampima tena kwa mikono yangu baada ya saa 6 hadi 12. Kupasuka si kawaida siku ya kwanza. Hatari hupanda kadiri maumivu yanavyokaribia na kuvuka saa 36 hadi 48. Katika muda huo maumivu ya virusi hulegea au huhama ovyo, ya kidole tumbo hukaza palepale.

Ninayemruhusu kwenda nyumbani, mzazi wake huondoka na maelekezo kwa maandishi. Asimpe antibayotiki zilizobaki kabatini, dawa ya kuharisha wala enema (dawa au maji ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa). Amrudishe tumbo lipimwe tena kesho yake hata kama amepoa, na amrudishe usiku huohuo maumivu yakihamia kulia, akishindwa kutembea wima, akitapika kijani, au maumivu makali yakikoma ghafla kisha homa ikapanda na tumbo likaanza kujaa, maana nafuu ya namna hiyo huweza kuwa ya kidole tumbo kilichopasuka.