Moduli Mbili Hazitoshi Kusema Swichi Haikatiki

Ukipita kwenye vyumba vya seva vya Dodoma, hukosi kuambiwa, "Swichi yetu ya kati ina ridandansi." Ukiuliza ipi, unaonyeshwa moduli mbili za usimamizi, yaani kadi zinazoiongoza swichi hiyo inayounganisha mtandao mzima. Hiyo ni nusu ya jibu.

Ridandansi ni kuwepo kwa moduli ya pili inayoweza kufanya kazi ya ile ya kwanza. Feilova ni kazi yenyewe kuhama. Linalomgusa mtumiaji ni feilova: imechukua muda gani, na nini kimepotea njiani.

Chukua swichi ya Catalyst 6500 ya Cisco. Katika hali ya RPR (Route Processor Redundancy), moduli ya akiba imewaka nusu tu. Kuu ikifa, ya akiba ndiyo kwanza imalizie kuwaka, na kadi za milango nazo ziwashwe upya: dakika 2 hadi 4 hakuna mtandao, simu za mezani zimekatika. Katika hali ya SSO (Stateful Switchover), ya akiba iko macho muda wote, inapokea usanidi na hali ya kila mlango kadiri inavyobadilika, hivyo mkatiko ni sekunde chache.

Hata SSO haibebi ujirani wa OSPF au BGP, itifaki ambazo ruta hutumia kuambiana njia za mtandao. Bila NSF (Non-Stop Forwarding), ruta jirani hudhani mwenzao amekufa na kufuta njia zote. NSF huacha pakiti zipite kwa jedwali la njia lililokuwepo mwisho wakati ujirani unajengwa upya, mradi ruta hizo nazo zinaufahamu utaratibu huo.

Kosa linalojirudia ni toleo la programu. Fundi anabadilisha moduli mbovu, mpya ina toleo tofauti, swichi inashuka hadi RPR na watumiaji hawaoni dalili yoyote. Andika `show redundancy states`. Ukisoma STANDBY HOT, SSO ipo. Ukisoma STANDBY COLD, haipo.

Halafu kuna vinavyotumiwa kwa pamoja. Trei ya feni mara nyingi ni moja, na vumbi la kiangazi huku haliibagui moduli. Pawasaplai mbili kwenye UPS moja zitazimika pamoja.

Kwa hiyo kwenye zabuni, badala ya "iwe na ridandansi", tuandike SSO pamoja na NSF, sekunde za mkatiko zinazokubalika, na jaribio la `redundancy force-switchover` huku pingi (pakiti za kupima kama mtandao unajibu) ikiendelea, kabla ya kusaini mapokezi.