Kwanza Tuulize Alikuwa Wapi Usiku Ule

Nimesoma kumbukumbu za mauaji ya Whitechapel, mtaa wa mashariki mwa London, kwa miaka mingi, na kila nikilitaja jina la Jack the Ripper, muuaji wao ambaye hajatambulika hadi leo, kuna mtu huniuliza kama ni kweli alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria. Jibu langu huanza na kalenda. Wanawake watano ambao wengi wetu tunawahesabu kuwa aliwaua yeye waliuawa London mwaka 1888: Mary Ann Nichols tarehe 31 Agosti, Annie Chapman 8 Septemba, Elizabeth Stride na Catherine Eddowes usiku mmoja wa 30 Septemba, na Mary Jane Kelly 9 Novemba. Anayemleta mshukiwa mpya anionyeshe kwanza kwamba siku hizo mtu wake alikuwa London. Habari za chuki, wazimu na siri za ukoo zisubiri.

Huyo mjukuu, Albert Victor, tetesi zake zilishika moto miaka ya 1960 na 1970, wakati yeye alikufa mwaka 1892. Mwili wa Eddowes ulikutwa Mitre Square, kiwanja kidogo cha London, saa 7:45 usiku. Mchana wa siku hiyohiyo Albert Victor alikuwa Abergeldie, Scotland, akila na bibi yake, na Malkia mwenyewe aliandika hivyo katika shajara yake. Ni zaidi ya kilomita 800, na treni za wakati huo zisingemfikisha mezani kwa wakati.

Wengine wanaanguka upesi zaidi. Daktari Thomas Neill Cream, ambaye kweli aliua watu kwa sumu, alikuwa gerezani Illinois tangu 1881 hadi 1891. Vincent van Gogh alikuwa Arles, kusini mwa Ufaransa, akichora. Mchoraji Walter Sickert ana watetezi wakali wa hoja ya kwamba ndiye muuaji, lakini barua za familia yake zinamweka pwani ya Ufaransa Septemba hiyo.

Sir William Gull, daktari wa Malkia, nambishia kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hapo kalenda haitoshi. Alikuwa na miaka 71 na alishapigwa na kiharusi mwaka 1887. Mzee wa namna hiyo kumaliza kazi gizani kwa dakika chache, askari wa doria wakipita, naona haiwezekani, ila nakiri kwamba hayo ni maoni yangu wala si tiketi ya treni.

Polisi nao wapimwe kwa kipimo hichohicho. Mwaka 1894 Melville Macnaghten wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, aliandika waraka wenye majina matatu ya washukiwa: Druitt, Kosminski na Ostrog. Wengi huyapokea kama neno la mwisho. Kumbe Michael Ostrog alikuwa mikononi mwa polisi wa Ufaransa wakati wa mauaji! Na Montague Druitt, aliyeelezwa kuwa daktari, alikuwa wakili na mwalimu. Cheo cha mwandishi hakikuzuia makosa, na mimi siwezi kumcheka shabiki wa Albert Victor huku nikiusujudia waraka huo.

Kuna kitu kimoja ninachokithamini kuliko orodha zote za majina. Saa 8:55 usiku ule wa 30 Septemba, konstebo Alfred Long aliokota kipande cha aproni chenye damu kwenye mlango wa jengo la Goulston Street. Kilikuwa kimekatwa kutoka aproni ya Eddowes. Tazama ramani: ukitoka Mitre Square kwenda Goulston Street unarudi mashariki, kwenye mitaa ya Whitechapel iliyojaa nyumba za kulala kwa senti chache. Askari walikuwa wamesambaa kote, maana mwili wa Stride ulikuwa umekutwa saa 7 tu. Bado muuaji aliingia huko huko, kwa miguu, kama mtu anayerudi kwake.