Kinyonga habadili rangi ili afanane na leso

Mweke kinyonga juu ya leso nyekundu; hatageuka mwekundu. Imani kwamba atageuka imezoeleka Nairobi, na inamtesa mnyama huyu, maana watu humhamisha kutoka kitambaa hadi kitambaa wakingoja maajabu.

Rangi yake hufuata hali yake: joto, hofu, hasira, kutafuta mwenzi. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walieleza kuwa ngozi ya aina moja ya kinyonga wa Madagaska ina fuwele ndogo mno. Zikikaribiana huakisi buluu. Zikiachana, manjano na nyekundu.

Mtazame dume la pembe tatu kwenye nyua za mtaa wa Karen, Nairobi. Akitulia ni kijani. Ukimshika kwa nguvu anaiva weusi, anabana mbavu na kujipanua ubapa, anaachama na kufoka. Hiyo ni hofu tupu. Asubuhi ya baridi pia huwa mweusi, ila hapo ameelekeza ubavu juani apate joto, basi mwache aote.

Hana sumu. Lazima umwondoe barabarani? Usimvute; weka mkono mbele yake apande mwenyewe, kisha mpeleke mtini. Kumfuga bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ni kosa kisheria.