Kusamehe sio lazima umzoee tena

Kuna hii imani imekaa miaka na miaka, eti kama bado unaumia ukimuona mtu basi hujamsamehe. Hapana jamani. Angalia kisa cha Wahshi, huyu ndo alimuua Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), kwa mkuki kwenye vita vya Uhud mwaka 625, baadae akaja mwenyewe kusilimu na Mtume akampokea, hakulipiza kisasi, ila akamuomba kama anaweza asimuonyeshe uso wake. Mtume mwenyewe! Kwahiyo donda kubaki sio dhambi. Kinachoachwa ni kisasi, ile kumuombea mtu mabaya usiku ukiwa kwenye mswala, na hiyo kazi ya moyoni unaifanya vizuri tu hata kama namba yake ushaibloku.