Radi haijali rangi ya shati lako
Mvua zikianza, ujumbe ule hurudi kwenye magrupu: funikeni vioo, vueni nguo nyekundu, vinavuta radi. Si kweli. Radi haichagui rangi. Mara nyingi hupiga kilicho kirefu au kilichosimama peke yake: mnazi, mnara, mtu aliye katikati ya uwanja. Tazama mti uliopigwa kijijini kwenu; aghalabu ni ule uliozidi mingine kimo. Kioo huakisi mmweko tu, huenda ndiyo maana bibi zetu walikishuku. Tuache kuusambaza ujumbe huo, maana aliyevua shati jekundu hujibanza chini ya mwembe akidhani yu salama. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo: kila 3 ni kama kilomita 1 kutoka ulipo hadi kwenye radi. Ingia nyumba imara, utulie dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.