Kuketishwa meza moja si kujumuishwa

Imani kwamba wanafunzi wenye mahitaji maalumu, wakiingizwa katika darasa la kawaida, waketishwe pamoja ili mwalimu msaidizi awahudumie kwa urahisi, imedumu miaka mingi, na kwa juu juu inaonekana ya busara. Lakini mahitaji yao hayafanani: mwenye uoni hafifu anahitaji kuwa karibu na ubao, ilhali mwenye usonji huenda akahitaji kona tulivu, mbali na mlango. (Wanaotumia lugha ya alama ni suala jingine, kwani hunufaika kuwa na wenzao wa lugha hiyo.)

Tamko la Salamanca la mwaka 1994, kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, vinataka mtoto apate msaada ndani ya mfumo wa jumla wa elimu. Hilo halikatazi vikundi vidogo. Watoto wanne wanaokwama kwenye hesabu za kutoa kwa kukopa, wawe na ulemavu au wasiwe nao, wanaweza kukusanywa kwa dakika 20, kisha wakatawanyika. Kinachodhuru ni kikundi kisichovunjwa, ambacho kufikia katikati ya muhula wenzao wamekwisha kukipa jina.